Siri ya akida wako si ile unayoidhani

Swali la msomaji:

"Niko Nairobi, naandika riwaya yangu ya kwanza, ya mapenzi ya kihistoria, kwa Kiswahili. Hadithi iko katika dola ya Kirumi, karne ya 2, zama za Kaisari Hadrian, kwenye kambi ya mpakani huko Uingereza. Wahusika wakuu ni wanaume wawili: akida wa miaka 34, na mtumwa wake wa miaka 24, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, anayemwandikia barua zake. Wanapendana kwa siri, maana wakijulikana watauawa; katika sura ya tatu akida anafunga mlango na kumnong'oneza hivyo. Mwisho wanatoroka na kufunga ndoa. Sasa rafiki yangu aliyesoma sura tatu za kwanza ameniambia kuwa Warumi hawakuwa na shida na mambo hayo, kwa hiyo siri yangu yote ni bure. Mwingine akaniambia askari aliyekamatwa alipigwa hadi kufa. Yupi mkweli? Na je, inawezekana kuandika mapenzi kati ya bwana na mtumwa bila kudanganya, na bado yakaishia pazuri? Kingine kinachonikwaza ni Kiswahili chenyewe: kila neno ninalotaka kuwaitia watu hawa linaniletea matusi ya mtaani."

Mwandishi mwenzangu,

Rafiki zako wote wawili wamesema kweli, na ndiyo maana umechanganyikiwa. Wa kwanza anamzungumzia akida wako. Wa pili anamzungumzia mtu mwingine kabisa, ambaye hayumo kwenye hadithi. Ukishaelewa kwa nini Warumi waliwatenganisha hao wawili, utaona kwamba riwaya yako ingali hai. Siri tu ndiyo umeiweka mahali pasipo pake.

Sisi leo tukisikia wanaume wawili wanapendana, jambo la kwanza linalotujia ni jinsia: mwanamume kwa mwanamume. Mrumi hakuanzia hapo. Hakuwa na neno la shoga kwa maana tunayoitumia leo, wala neno la mtu asiye shoga. Aliuliza: kati ya hawa wawili, nani bwana na nani mtumwa? Nani raia na nani si raia? Nani mtenda na nani mtendwa? Mwanamume raia, waliyemwita vir, alitarajiwa awe mtenda siku zote. Mtendwa angeweza kuwa mkewe, mtumwa wake wa kike au wa kiume, au kahaba wa kulipwa, na jirani asingeinua hata uso. Kosa kubwa waliliita stuprum, nalo lilikuwa kuuchezea mwili wa raia huru ambaye si wako: binti wa mtu, mjane mwenye heshima zake, kijana wa kiume wa ukoo wa watu. Sheria ya kale iitwayo Lex Scantinia iligusa mambo hayo. Mwaka 50 K.K. bado watu waliitumia kushtakiana mahakamani kama silaha ya siasa, na Kaisari Domitian, karne na nusu baadaye, aliwatia hatiani watu kwa sheria hiyohiyo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mtambo huu unavyofanya kazi. Mwaka 46 K.K., Julius Kaisari alipoingia Roma kwa shangwe ya ushindi wake wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, askari wake mwenyewe walitembea nyuma ya gari lake wakiimba kwamba Kaisari aliitiisha Galia, lakini Nicomedes alimtiisha Kaisari. Nicomedes alikuwa mfalme wa Bithynia, na Kaisari alikaa katika baraza lake alipokuwa kijana. Sikiliza wimbo huo vizuri. Askari hawamcheki jemadari wao kwa kulala na mwanamume. Wanamcheka kwamba, kama uvumi ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa chini. Kitenzi ni kilekile mara mbili, kutiisha, na aibu yote imo katika nani ni mtendaji wa kitenzi hicho.

Sasa yule askari aliyepigwa hadi kufa. Polybius, Mgiriki aliyelitazama jeshi la Kirumi katika karne ya 2 K.K., anaandika kwamba askari kijana aliyeutumia mwili wake vibaya alihukumiwa kupigwa fimbo na wenzake, na wengi hawakutoka hai. Huyo ni askari raia aliyekubali kuwa chini. Kinyume chake ni kisa cha Trebonius, askari wa kawaida chini ya jemadari Marius, mwishoni mwa karne hiyohiyo. Mkubwa wake, Lusius, mpwa wa Marius mwenyewe, alimsumbua mara kwa mara akitaka kulala naye. Siku alipotumia nguvu, Trebonius alichomoa upanga akamuua. Kumuua ofisa, tena damu ya jemadari, kilikuwa kifo cha moja kwa moja. Marius alisikiliza mashahidi, kisha akamvika Trebonius taji kwa mkono wake. Mwili wa raia haukuguswa, hata na mpwa wa mkubwa.

Na mwili wa mtumwa je? Hapo ndipo moyo unapouma. Msemaji mmoja wa mahakamani, Haterius, aliwahi kumtetea mtu aliyeachwa huru kwa kusema kwamba kupoteza usafi wa mwili ni kosa kwa mzaliwa huru, ni lazima kwa mtumwa, na kwa aliyeachwa huru ni wajibu. Watu walimcheka kwa jinsi alivyoliweka, na neno hilo la wajibu likageuka mzaha wa mjini. Lakini walichochekea ni maneno yake. Hakuna aliyekana kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa.

Kwa hiyo akida wako hana haja ya kuficha kwamba analala na mtumwa wake. Kambi nzima ingelijua hilo na isingelijali. Ukiandika kwamba watauawa kwa ajili hiyo, msomaji mwenye habari atafunga kitabu ukurasa wa ishirini. Lakini usifute neno siri. Siri ya akida wako ni kwamba anampenda. Ni kwamba anamsikiliza. Ni kwamba akiamka usiku huuliza "umelala?" na hungoja jibu kama mtu mwenye haja ya jibu.

Nikupe tukio ulijaribu. Akida amewaalika maakida wenzake watatu chakula cha jioni. Wageni wamejilaza makochini kama ilivyo desturi, watumwa wamesimama. Mwandishi wake anaingia na kibao cha nta, amekuja kuuliza neno moja katika barua. Akida, bila kufikiri, anasogea kidogo kwenye kochi. Kiasi cha upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyesema kitu. Kijana hakukaa, ana akili kuliko wote mle ndani, ameinamisha kichwa na kurudi mlangoni. Lakini wageni wameuona ule upana wa mtu mmoja. Kesho yake wataanza kumwangalia akida kwa jicho lingine, maana mwanamume anayemtengenezea mtumwa nafasi ya kukaa ameanza kutawaliwa, na Mrumi aliyetawaliwa na mapenzi alikuwa nusu ya mwanamume. Hiyo ndiyo hatari ya kweli katika hadithi yako, na ina uchungu kuliko panga la mnyongaji, kwa sababu inamfuata hadi mezani kwake.

Hadrian mwenyewe atakusaidia hapo, maana umemchagua yeye kuwa Kaisari wa riwaya. Mpendwa wake, Antinous wa Bithynia, alikufa maji katika mto Nile mwezi wa Oktoba mwaka 130. Kwamba Kaisari alikuwa na mpendwa wa kiume halikuwa jambo la ajabu. Lililowashangaza watu lilikuwa kilio. Alijenga mji mzima kwa jina lake palepale ukingoni, Antinoopolis, akamfanya mungu, sanamu zake zikasimamishwa kila pembe ya dola. Mwandishi mmoja wa baadaye anasema Hadrian alimlilia kama mwanamke. Unaona? Lawama haikuwa ya kitanda. Ilikuwa ya machozi.

Kabla sijaingia kwenye utumwa, neno moja kuhusu umri. Maandishi mengi ya Kirumi yanayosifu uzuri wa kiume yanawazungumzia wavulana, na waandishi wale hawakuona ubaya. Sisi tunauona, na tuna haki. Umewapa wahusika wako miaka 34 na 24. Usiishushe hata kwa mwaka mmoja, wala usimrudishe kijana wako utotoni kwa kumbukumbu za mapenzi. Ukitaka maneno ya hisia kati ya watu wazima wenye hadhi sawa, mshairi wa Kirumi Catullus anayo. Ana shairi moja analomwandikia rafiki yake Licinius: jana tulikaa bila kazi, tukacheza kwa kutunga beti kwenye vibao vyangu, huyu mstari, huyu mstari, tukinywa na kucheka, nikaondoka nimewaka kwa haiba yako, chakula hakikupita, usingizi haukuja, nikagaagaa kitandani nikitamani kuche niseme nawe. Wasomi wanabishana kama ni mzaha wa washairi au ni zaidi. Kwako wewe mwandishi kinachofaa ni kule kugaagaa.

Sasa swali lako gumu: bwana na mtumwa. Sitakudanganya. Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito, hata kama moyoni ni ya kweli. Kijana wako anaweza kuwa anampenda akida kwa dhati, na bado hawezi kujua, wala akida hawezi kujua, wala msomaji hawezi kujua, mpaka siku mlango utakapokuwa wazi. Waandishi wengi wa aina hii hulikwepa jambo hilo kwa kumfanya bwana awe mpole. Upole hautoshi. Bwana mpole angali anaweza kukuuza Jumatano.

Unazo njia tatu ninazoziona. Ya kwanza ni kumbadilisha kijana awe mtu huru tangu mwanzo: mfanyabiashara, tabibu wa kambi, askari wa kikosi kingine. Hapo utapata usawa, lakini ukimfanya raia utakuwa umewaingiza kwenye hatari ile ya Polybius, na hadithi itageuka nyingine. Ya pili ni kuuacha utumwa ubaki ulivyo na kuukabili uso kwa uso hadi mwisho, jambo linalowezekana, lakini ni riwaya ya huzuni na wewe unataka iishie pazuri. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: mapenzi yasitamkwe wala yasitendwe mpaka kijana awe huru. Hamu iwepo, ionekane, iumize. Lakini akida ajizuie, na kijana ajue kwamba anajizuia. Halafu amwache huru, na kijana aondoke. Aende kweli, apande meli. Akirudi, amerudi kwa miguu yake.

Na hapa sheria ya Kirumi imekuwekea tukio ambalo nimewahi kutamani mtu aliandike. Kwa Lex Aelia Sentia ya mwaka 4 B.K., mtumwa aliye chini ya miaka 30 hakuweza kuachwa huru na kuwa raia kamili, isipokuwa bwana wake apeleke sababu ya haki mbele ya baraza. Mikoani baraza hilo lilikuwa la raia wa Kirumi 20, na shauri hizi zilisikilizwa siku ya mwisho ya kikao cha mahakama. Sababu zilizokubaliwa zimeandikwa na mwanasheria Gaius, katika karne ileile ya hadithi yako: mtumwa awe mtoto wako wa damu, au ndugu yako, au mtoto uliyemlea, au mwalimu aliyekulea, au mwanamke unayetaka kumwoa, au mtu unayetaka awe wakili wako wa mali. Soma orodha hiyo tena. Aliyempenda mtumwa wa kike angeweza kusimama na kusema "nampenda, nataka kumwoa," na sheria ikamsikiliza. Akida wako hana mlango huo. Atasimama mbele ya watu 20 na kusema kwa sauti kavu kwamba anahitaji wakili wa kusimamia mali yake. Mali gani, akida wa mpakani? Wazee watatazamana. Kijana amesimama kando, anasikiliza mtu akitaja idadi ya mbuzi na mashamba ili asitaje kitu kingine. Kurasa kumi za tukio hilo, ukiliandika polepole, zitabeba riwaya nzima. Na usisahau kuwa baada ya hapo kuna kodi ya kumwacha mtumwa huru, asilimia 5 ya thamani yake, yaani mtu atatamkwa bei kwa mara ya mwisho.

Kutoroka, ulivyopanga mwishoni, nakusihi ukuache. Askari mtoro alikuwa mtu wa kuuawa, na mtumwa mtoro aliwindwa dola nzima. Upo mkufu wa chuma wa shingoni, wa karne za baadaye kidogo, ulioandikwa kwa niaba ya aliyeuvaa: nimetoroka, nishike, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapewa sarafu ya dhahabu. Watu wawili wenye hukumu mbili tofauti hawafiki mbali, na msomaji atakuwa akiwahofia hadi ukurasa wa mwisho badala ya kuwafurahia.

Ndoa nayo haikuwepo kisheria. Watunga tenzi za dhihaka, Martialis na Juvenalis, wanasimulia harusi za wanaume kwa wanaume, zenye shela na mienge. Juvenalis anamtaja mtu wa ukoo mkubwa aliyempelekea mpiga tarumbeta mahari ya sarafu za Kirumi, sesterti 400,000. Kaisari Nero pia anasimuliwa kufanya sherehe kama hizo. Lakini hawa wote wanasimulia ili kukejeli, na hakuna hata mmoja anayedai kwamba sherehe hizo zilizaa haki yoyote ya mke au mrithi. Mwaka 342 wafalme wa Kikristo walitoa amri kali dhidi ya ndoa za namna hiyo. Ukiandika sherehe, iandike kama jambo la watu wawili na mashahidi wachache chumbani, bila cheti, bila haki.

Lakini kumbuka kwamba askari wa kawaida wa zama za Hadrian hakuruhusiwa kuoa mtu yeyote yule. Marufuku hiyo ilidumu hadi utawala wa Kaisari Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya 2. Kambi ilijaa watu waliopendana bila karatasi, wake na watoto wasiotambuliwa. Wapenzi wako hawako peke yao katika unyonge huo. Wapo kwenye kambi iliyojaa majirani wa namna hiyo. Kilichochukua nafasi ya ndoa ni wasia. Askari alipewa upendeleo mkubwa: aliweza kuandika wasia bila taratibu zile ndefu za raia wengine, na kumrithisha hata mtu ambaye si raia. Akida akiandika jina la mtu wake kwenye wasia, hilo ndilo tendo zito kuliko harusi yoyote ya Juvenalis.

Na kaburi. Naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu nadhani kijana wako ameshawahi kuishi. South Shields, kaskazini ya Uingereza, mto Tyne unapoingia baharini, ilikuwapo ngome ya Kirumi. Hapo lilipatikana jiwe la kaburi la karne ya 2. Limechongwa kijana aliyejilaza kwenye kochi, kikombe mkononi, na chini yake mtumishi mdogo anamchotea kinywaji. Maandishi yanasema hivi: kwa mizimu ya Victor, Mmoori kwa taifa, wa miaka 20, aliyeachwa huru na Numerianus, mpanda farasi wa kikosi cha kwanza cha Waasturi, ambaye alimsindikiza kwa upendo wote. Basi. Mtu wa Afrika Kaskazini, ameachwa huru kabla hata ya ile miaka 30, amekufa mbali na kwao, na askari wa farasi ametoa pesa nyingi kumchonga kama bwana aliyejilaza mezani mwake. Jiwe halisemi walikuwa nini kwa wenyewe. Inawezekana Numerianus alikuwa bwana mwema tu, au alimlea. Mimi kila nikilitazama naishia kwenye lile kochi. Numerianus alimpa Victor nafasi ya kulala mezani, pale ambapo akida wako hakuthubutu zaidi ya kusogea.

Kuhusu mwisho mwema, basi, unao bila miujiza. Akida anamaliza utumishi wake, mwenzake ni huru, wanahamia makazi ya askari wastaafu. Kaisari Trajan alijenga mji mzima wa aina hiyo mwaka 100, Thamugadi, leo Timgad huko Algeria, na kijana wako ni mzaliwa wa upande huo. Kwenye sakafu ya uwanja wa mji kuna ubao wa mchezo uliochongwa na wenyeji: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Wazee wawili wanaocheza bao kwenye kivuli cha nguzo, mmoja akimshutumu mwenzake kwa kuiba kete. Majirani wanajua wanachotaka kujua.

Sasa Kiswahili. Umelalamika kwamba kila neno linakuletea matusi, na nakuelewa. Lakini angalia jambo hili. Maneno ya mtaani, basha na mwenzake shoga, yanawagawa watu kwa mtenda na mtendwa, vilevile kama Mrumi alivyofanya. Kwa hiyo hayafai kumwitia mpenzi, ila yanaweza kukufundisha sauti ya kejeli za kambini: ndivyo askari watakavyomsema akida nyuma ya hema. Kwa mapenzi yenyewe chukua mwandani. Warumi walimwita mtu unayelala naye hema moja contubernalis, na askari wanane waligawana hema. Neno hilo likaja kutumika kwa mwenza wa mtumwa asiye na ndoa. Mwandani lina hema hilo ndani yake. Ndugu pia: Petronius, mtunzi wa hadithi wa Kirumi, anaonyesha wanaume wakimwita mpenzi frater, ndugu. Mkiitana ndugu mbele za watu, kila msikilizaji atasikia anachokijua.

Utapata shida nyingine ambayo labda umeshaiona. "Akamtazama, akamshika mkono, akamwambia." Nani kamshika nani? Viwakilishi vyetu havina jinsia, na kwa wapenzi wa jinsia moja hata lugha yenye jinsia ingekwama, lakini sisi tuna neema zaidi: katika sura ya kwanza unaweza kuandika barua nzima ya mapenzi na msomaji asijue imeandikwa kwa mwanamume au mwanamke. Mrumi ingemwia vigumu, Kilatini kinamsaliti kwenye vivumishi vyake vingi. Tumia neema hiyo mara moja, mahali inapouma, kisha iache. Kwingineko wape majina na vyeo. Msamiati wa vyeo unao tayari, kwa sababu Biblia ya Kiswahili imetuzoesha akida, liwali, Kaisari, zamu ya nne ya usiku. Msomaji wako ataona kambi ya Kirumi bila wewe kueleza.

Saa nazo ni zawadi. Mrumi alianza kuhesabu mchana kunapokucha, kama sisi, na saa yake ya sita ilikuwa adhuhuri. Usiandike saa za Kizungu. Ila kumbuka kwamba aliugawa mchana sehemu 12 hata uwe mfupi kiasi gani, kwa hiyo kwenye ngome ya kaskazini mwezi wa Desemba saa moja ni chini ya dakika 40. Kijana wa Afrika aliyefika huko majira ya baridi atahisi mchana unaibwa. Na atahisi baridi miguuni. Katika ngome ya Vindolanda, iliyo eneo hilohilo, kulichimbuliwa vipande vya mbao vyembamba vilivyoandikwa kwa wino, na kimoja ni barua ya mtu aliyemtumia mwenzake soksi, jozi mbili za ndara, na chupi mbili. Jina la mpokeaji limepotea. Kama ni mimi, akida angemtumia kijana soksi kabla ya shairi lolote.

Kuna mambo siwezi kukumalizia kwa barua. Rasimu ikikamilika, mpe mtu anayejua Kilatini aisome ukiwa umekaa naye. Walimu na mapadre waliopita seminari wengi wanakijua kuliko unavyofikiri, na si lazima umpe zile sura za chumbani. La pili ni zito zaidi. Mahakama Kuu ya Kenya mwezi wa Mei 2019 ilikataa kufuta vifungu vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Tanzania ina adhabu zake kali. Na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaadhibu hata kile inachokiita kukuza mambo hayo. Riwaya ya Warumi si kitendo, lakini kabla hujachapisha, au hujaivusha mpaka, kaa ana kwa ana na wakili anayezijua kesi za uhuru wa kujieleza, umwonyeshe maandishi yenyewe, muamue pamoja kuhusu jina la kalamu na mahali pa kuchapishia. Na kama katika kuandika umegundua kwamba habari hii inakugusa wewe mwenyewe kuliko ulivyotarajia, usiibebe peke yako na kurasa zako. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, au mshauri nasaha anayetunza siri, mkae mzungumze.

Kwa sasa rudi kwenye sura ya tatu. Umesema akida anafunga mlango na kumnong'oneza kijana kwamba wakijulikana watakufa. Acha mlango wazi, walinzi wapite, kijana aandike anachoimliwa. Akida afike kwenye neno la kumalizia barua, asilipate, amuulize kijana yeye angesema nini.